Waya wa Pili

Betri niliitoa mwenyewe, mwezi wa Juni,
joto la Ibra lilipoanza kupinda vioo vya plastiki.
Nikaivingirisha taulo, nikailaza chumba cha wageni
penye kiyoyozi,
na Raiya akasema: mgeni gani huyu,
hali, hanywi, na kitanda kakishika.

Miezi mitatu tulikuwa Salala kwa dada yake,
kwenye rasharasha isiyojua kukata.

Leo nimeirudisha.
Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi,
skrubu nimezikaza mpaka kidole cha shahada kikalalamika.
Nikageuza ufunguo.

Kimya.
Si kimya cha maiti.
Kimya cha mtu aliyeulizwa jambo,
analijua,
na hasemi.

Fyuzi kubwa nimeichomoa, nimeinua juani:
uzi wake mzima.
Swichi ya kuzimia ipo pahala pake.
Stendi nimekunja, gia nimeitia huru,
honi nimeibonyeza na haikutoa hata kikohozi.
Nikaenda kwa Sajeevan wa vipuri kuazima mita.
Kanipa, kwa sharti: kabla ya isha iwe imerudi.

Baina ya vichwa viwili vya betri:
kumi na mbili nukta saba.
Nikatoa ncha nyeusi nikaigusisha chuma cha injini:
kumi na mbili nukta saba.
Basi nguvu zimo, na chuma kinajua,
ila taa hazina habari.

Hapo nikaanza kulaumu.
Nililaumu relei, nikalaumu panya,
nikalaumu vumbi la jangwani
na yule bwana wa Sinaw aliyeniuzia pikipiki hii,
mwenye meno mazuri kupita kiasi.

Raiya katoka na chai ya tangawizi
na simu yake imewashwa tochi.
"Hebu sogea."
Mita hakuigusa.
Alitazama kama anavyochagua mchele,
punje kwa punje, midomo imebanwa.

"Huu mweusi mwembamba, wa nani?"

Nyuma ya kisanduku, umejikunja kama mkia wa mjusi,
kichwa chake kimezungushwa utepe
niliouzungusha mimi, kwa mkono huu huu,
mwezi wa Juni, usije ukagusa kitu.
Niliuhifadhi vizuri mno.

Mnene ni wa injini.
Mwembamba ni wa hayo mengine yote:
taa, honi, saa, kijitaa cha kijani.
Nikamweleza, mwalimu sikomi kueleza:
umeme lazima uwe na njia ya kurudi.
Ukikosa pa kurudi,
hata kwenda hauendi.

Akapuliza chai yake.
"Kama wewe na dada zako wa Tabora.
Kutuma unajua.
Wakikupigia, hupokei."

Sikujibu. Nilikuwa nabandua utepe,
na gundi ya miezi mitatu ya joto
ilining'ang'ania kucha.
Nikakwangua kutu kwa kisu cha jikoni
(kisu kipi, bado hajajua),
nikauweka mwembamba juu ya mnene,
skrubu moja, waya mbili,
nikakaza.

Kijani kikawaka.
Taa ikapiga ukuta wa jirani, ikamwonesha mbuzi wake
akitafuna katoni.
Nikapiga honi, naye akaitika.

Saa ya dashibodi imeanza upya: moja kamili.
Kwangu mimi mzaliwa wa bara hiyo ni saa saba.
Kwa Raiya, aliyesomea hapa, ni moja tu.
Na muadhini wa magharibi anatukanusha wote wawili.
"Irekebishe," kasema.
"Kesho," nikasema.

Akanipa simu, tochi bado inawaka,
akaingia ndani na vikombe.
Nimekaa juu ya siti isiyokwenda popote,
mikono mieusi, namba ya Tabora mbele yangu,
na mita ya watu sijairudisha.